Hosta za Madame Godelieve

Mwanangu, juzi nilipokuja kwako Anderlecht nilikiona kibakuli cha jirani yako juu ya friji. Ukasema utakirudisha ukipata nafasi. Bon, nilinyamaza, mume wako alikuwepo. Lakini tangu siku ile nakumbuka bakuli moja la njano, na mambo ambayo hadi leo sijayaelewa vizuri.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, nimetoka Bujumbura kuja huku ugenini. Baba yako alitoka asubuhi na kurudi giza limeingia. Nyumba ni ile ile unayoijua, na nyuma yake ule mteremko unaopanda hadi ukutani, chini ya kivuli cha mti wa Madame Godelieve, jirani yetu mjane, mzee kuliko bibi yako. Nilipanda maharage pale, yakarefuka kutafuta jua, yakafa. Mboga ya lengalenga nayo vilevile. Mvua ikinyesha, udongo ulishuka hadi mlango wa jikoni. Nilikuwa nakaa ndani nikilia, maana mtaa mzima hakuna aliyejua jina langu.

Siku moja Madame akagonga, ameshika bakuli la njano, ndani yake mmea wenye mizizi na majani mapana.

"Hosta," akasema. "Hii inapenda kivuli, ma petite."

Niliyaona majani yale, laini, mazuri, nikajua ni mboga. Nikamwuliza yanapikwaje. Akanitazama kama nimemwuliza kiti kinapikwaje. Hayaliwi. Basi maua yake? Maua huwa anayakata, anataka majani tu. Nilichanganyikiwa, mwanangu. Mtu anapanda majani, hayali, na maua anayatupa.

Nikaupanda, nikabaki na bakuli la mtu mkononi. Mama alinifundisha nisirudishe chombo cha watu bila kitu ndani, kwa hiyo nikatwanga majani ya muhogo, nikapika sombe, nikajaza, nikampelekea. Akashukuru sana. Baada ya muda bakuli likarudi, na hosta nyingine ndani. Nikapika tena. Likarudi tena. Nikasema, huyu mama kweli anapenda sombe.

Ikawa hivyo. Sombe inakwenda, hosta inakuja: za majani ya buluu, zenye ukingo mweupe, nyingine jani moja lingemfunika mtoto. Nikazipanga kwa ngazi za mawe kutoka juu hadi chini, na udongo ukashika. Baridi ya kwanza zilipopotea zote nilidhani nimeziua, nikaanika mashuka kwenye kamba ili Madame asione. Akaja hivyo hivyo, akanywa chai jikoni kwangu, akasema zimelala tu. Kila alipoleta bakuli alikaa. Alinifundisha kupanda tramu, na majina ya watu wa mtaa. Nilipomzaa kaka yako, yeye ndiye aliyenishika mkono.

Miaka ikapita. Binti yake akaja kumchukua akaishi naye karibu na bahari, nami nikaenda kusaidia kufunga vitu. Nikafungua friza. Sombe yangu ilikuwa imejaa humo, kopo juu ya kopo, haijaguswa.

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. "Madame, hukuila hata siku moja?"

"Ya kwanza nilionja. Tumbo likakataa. Kuitupa sikuweza."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kuja." Kisha akashusha sauti. "Na mimi hosta zangu za kugawa ziliisha zamani. Nilikuwa nazinunua Jumapili sokoni Gare du Midi, kwa kuwa wewe unazipenda."

Mimi sikuwa nazipenda. Nilizipanda kwa sababu kutoka dirishani kwake alikuwa anauona mteremko wote, na niliogopa akiona sijazipanda ataacha kuja. Nikamwambia. Tukakaa juu ya makatoni, hatujui tucheke au tulie, tukafanya yote mawili.

Sasa unangoja nikuambie tulikosea. Sijui. Nikisema tungeulizana mapema, nauona mteremko mtupu na mimi ndani peke yangu. Nikisema tulifanya vizuri kunyamaza, namwona yule mzee mbele ya friza, ameshika sombe yangu, hajui aiweke wapi. Kichwa kinanizunguka, naacha.

Ninalokuomba ni dogo. Kirudishe kibakuli wiki hii. Tia kitu ndani, hata mandazi. Mwulize kama anakula, na akisema hali, usiondoke. Labda mimi na Madame tungeweza kuambiana ukweli na bado tukaendelea kutembeleana. Hatukujaribu. Jaribu wewe.

Mungu akupe mtu wa kugonga mlango wako, akupe na wewe miguu ya kwenda kugonga wa kwake. Baridi ikiisha njoo nyumbani, hosta zitakuwa zimechomoza. Bakuli la njano Madame aliniachia. Nitakupa wewe, lakini sitakupa likiwa tupu.