Mkorosho wa Uani

Mimi ni fundi wa kubebesha mikorosho, na nalisema kifua mbele. Kuanzia Nkowe hadi Malolo, mwulize bodaboda yeyote habari za mwanamke mwenye msumeno, atakuleta mpaka mlangoni kwangu.

Nilianza na cherehani. Mama alinipeleka Nachingwea kwa shangazi nikajifunze kushona, na Mungu anisamehe kwa nguo nilizoharibu kule! Bwana harusi mmoja aliolea kanzu yenye mkono mmoja mrefu. Jirani na kibanda chetu palikuwa na kitalu cha miche ya mikorosho. Nikitumwa uzi, nachelewa huko. Siku moja mwenye kitalu akanipa kisu. Nikachanja mche, nikapachika kikonyo, kijitawi cha mkorosho bora, nikafunga kwa kamba ya nailoni; ndiko kubebesha huko. Kilipotoa jani nilipiga kigelegele peke yangu. Nikajua hii ndiyo kazi yangu, cherehani itafute mwenye nayo.

Nyumbani Nkowe kulikuwa na mikorosho ya marehemu baba, mizee, kila msimu maua yanaliwa na ukungu. Nikamwambia mama tuikate, visiki vikichipua nivibebeshe. Alinitukana kwanza kwa Kimwera, lugha yake ya hasira, kisha kwa Kiswahili ili na wageni waelewe.

"Baba yako hatujamaliza kumlilia, leo unamkata?"

Nilibishana naye mpaka akachoka. Akaniruhusu mmoja, ule uliopinda, umeshaanza kukauka, kule mwisho wa shamba. Ukifa, narudi kwenye cherehani, na habari ya mikorosho isitajwe tena nyumbani kwake.

Nikaukataa. Mti uliokwisha kufa utamwonyesha nani nini? Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nikaomba ule wa uani, kando ya njia, aliokuwa akiupenda baba kuliko yote. Mama aliniangalia, akaingia ndani, akafunga mlango.

"Kata," akasema akiwa humo humo.

Niliukata baada ya mavuno.

Weee! Kila mwenye baiskeli aliyekwenda sokoni alisimama. "Fundi cherehani, hicho kisiki unakishonea suruali?" Nami nawajibu, "Nakipima kwanza!" halafu naingia ndani kulia. Mama akawa anazunguka upande wa pili wa nyumba asikione.

Mvua zikaja, kisiki kikachipua, nikakibebesha. Vikonyo vya kwanza vilikauka vyote. Mfuko wangu wa safari niliukuta mama ameutoa uvunguni, ameuweka kitandani. Niliurudisha uvunguni, nikanoa kisu, nikaanza upya. Vya pili vikashika.

Mti ulipotoa maua yake ya kwanza, masafi, hayana ukungu, nilimkuta mama uani ameshika tawi, anaongea na baba. Nikarudi ndani polepole. Siku ile sikumwambia mtu nilivyojisikia, lakini leo nasema: nilijiona mkubwa kuliko mkuu wa wilaya.

Korosho zilipokuwa zinaanikwa, mwanamume mmoja alikuja na baiskeli kutoka Malolo. Akamsalimia mama, akauliza kama hapa ndipo kwa fundi wa mikorosho. Kabla sijafungua mdomo, mama aliingia ndani akatoka na msumeno wangu, umeshapakwa mafuta.

"Fundi ni huyu, nimemzaa mimi," akasema. "Ila subiri zamu yako, baba. Kwanza anamalizia mikorosho ya mume wangu."