Vitabu Tulivyosoma Kinyume

Juzi mpwa wangu, binti wa dada yangu, alinitembelea hapa Kinoru, akaona kabatini kitabu changu kikuukuu cha katuni za mapenzi kutoka Japani. Nilipokifungua, aliangua kicheko. "Aki Anti, umeanzia mwisho! Manga husomwa from right." Mimi sikucheka.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu. Tulipokuwa wadogo kule Kanja, mama aliuza mitumba, na siku moja ndani ya belo la sweta tukapata vitabu viwili vya namna hiyo. Maandishi yake hatukuyajua hata kidogo. Basi jioni, tukiambua njahi, yale maharagwe meusi, jikoni, moshi ukituchoma macho, dada yangu mkubwa alifungua kurasa kama tulivyozoea shuleni, akatazama picha na kututungia maneno kwa Kiembu. Alikuwa na sauti ya kila mtu, hata ya mvua. Githeri yetu ya mahindi na njahi iliungua mara nyingi kwa ajili ya wale wapenzi!

Kimoja kilijaa maua na macho makubwa yanayometameta. Kilianza na kukumbatiana, kikaisha wale wale wawili wakipitana langoni bila salamu. Mimi nilikipendea maua tu. Kingine kilikuwa cha wino mzito: mwanamke akilia peke yake mvuani, kisha ugomvi, kisha, mwisho kabisa, yeye na mwanamume wake wakicheka chini ya mti. Hicho dada alikipenda kupita kiasi. "Unaona?" alikuwa akiniambia. "Machozi hutangulia."

Akaolewa na imani hiyo. Mumewe alipoanza kumpiga, mama alimsihi arudi nyumbani. Alikataa, eti bado hajafika kwenye mti. Mama alikufa akimngoja.

Jumamosi nilienda kwa dada kumweleza aliyosema binti yake. Nilitaka aondoke, nisikufiche. Alitoa kile kitabu chake cha wino mzito chini ya godoro, akakigeuza, akakipitia kuanzia kicheko hadi mvua. Hakutunga neno.

"Kumbe mimi nilishafika mwisho kitambo," akasema, akavuta ungo wa njahi.

"Twende kwangu, dada."

"Niende wapi sasa, na nimezeekea hapa?"

Jiko la mama lilishabomoka, na zile sauti zote za dada sijazisikia tena. Inaniuma sana. Tuliambua njahi mpaka mumewe alipoitisha chai kutoka nje, naye akainuka upesi.