Ndimi za Mchungaji

Mchungaji wetu pale Ngokolo alikuwa na sauti ya kutetemesha bati, na mimi nilimpenda. Nasema mapema nisije nikaonekana mtovu wa adabu. Yeye ndiye aliyenibatiza, na sukari ilipoadimika alikuwa akija nyumbani na kijifuko chake mfukoni ili tunywe chai wote. Lakini siku alipotaka kunivunjia ndoa, tulikosana.

Mchumba wangu alikuwa mchimba dhahabu kule Bugarama. Mwenzake wa shimoni aliugua homa kali, na walipokuwa wakisubiri gari la kumpeleka hospitali, mchumba wangu akamwekea mikono kichwani, akamwombea. Basi, kosa ndilo hilo! Mchungaji alipopata habari alisema kuweka mikono ni kazi ya mpakwa mafuta, na muumini wa kawaida akifanya hivyo amejitwalia mamlaka yasiyo yake. Akamtaka atubu mbele ya kanisa, la sivyo hatufungishi ndoa. Mchumba wangu akakataa katakata.

“Nitubu kuomba?” aliniuliza. Niliona hana kosa, na hata leo naona hivyo hivyo.

Lakini nililia, jamani. Gauni lilikuwa limeshashonwa, ng'ombe wa mahari wako zizini kwa mama, kijijini Samuye, na yule mwanamume nilikuwa nampenda mpaka basi.

Jumamosi moja mchana mchungaji akaja Samuye kuzungumza na mama. Baba alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la mama. Mama alikuwa Mkristo wa siku nyingi, ila Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani tu, cha bei na kwa heri. Mchungaji naye, pamoja na miaka yake yote Shinyanga, Kisukuma chake kiliishia kwenye “mwangaluka” ya kusalimia asubuhi. Nikakaa katikati yao kutafsiri, roho juu juu.

Mchungaji akanyoosha mgongo. “Mama, Bwana amesema nami kwa ndimi. Ndoa hii haina kibali.”

Kabla sijafungua mdomo, mama alishalidaka neno. Kwa Kisukuma ndimi ni mchunga ng'ombe, wala hana habari na lugha za rohoni. Akanigeukia, macho yamemtoka pima, akaniuliza kwa Kisukuma, “Ndimi? Ndimi wa nani? Mchunga ng'ombe ndiye ametumwa kukataa posa ya mwanangu?”

“Yaya, mayu,” nikaanza. Sivyo, mama. Wapi! Hakunisikiliza.

“Mwambie ndimi tunampa maziwa na chakula, na tunamshukuru, maana jua lote linamwishia yeye. Lakini mwenye ng'ombe akiita ng'ombe wake, ndimi hasimami mlangoni pa zizi kumzuia. Wala mahari ya binti hapangi yeye.”

Ningeweza kueleza kwamba mama amekosea neno. Sikueleza ng'o. Nilitafsiri yote bila kupunguza, na mwisho nikaongeza langu, kwamba kwa Kisukuma mchungaji na ndimi ni neno moja. Nilikuwa na hasira, na kusema kweli nilifurahi pia.

 Mchungaji akacheka kidogo, cheko la mtu aliyebanwa. “Kumbe ndimi ni mimi,” akasema.

Mama hakungoja tafsiri. Alinivuta mkono nikapiga magoti, akaweka viganja vyake vyenye harufu ya samli juu ya kichwa changu, akaniombea kwa Kisukuma, mimi na mwanamume wangu, peupe, mbele ya mpakwa mafuta. Mimi badala ya kufumba macho nilikuwa namchungulia mchungaji. Hakuelewa hata neno moja. Alivua kofia yake, akainamisha kichwa, na mama alipomaliza, yeye ndiye aliyetangulia kusema amina.

Jumapili iliyofuata akasoma tangazo la ndoa yetu. Mchumba wangu hakutubu, na hakuna aliyemwuliza tena.