Jhamku Asiyetaja Bei ya Maziwa

Jhamku aliuza maziwa mwaka mzima bila kutaja bei. Ninyi mnaonunua ya pakiti, bei imepigwa chapa ubavuni, hamtauona ugumu wake mpaka niwaambie sisi ni watu gani.

Sisi Warabari wa Kachi, kule Bara Hindi, ni wafugaji. Samli tuliuza, kwa sababu imepita motoni na moto umeshakula fungu lake. Mtindi hatukuuza wala hatukumnyima mtu. Ukija na chungu chako unajaziwa, hata kama jana ulinitukana. Lakini maziwa mabichi, yale yaliyotoka kwenye chuchu na povu lake, hayo hapana. Anayeuza maziwa ameuza mwana. Tuliambiwa hivyo tungali tunanyonya, na anayenyonya husadiki upesi.

Jhamku alikuwa jirani yangu, ukuta wake ndio ukuta wangu. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Devshi, dereva wa lori la mtu. Mama mkwe wake, Bibi Puri, alikuwa ameshakufa, ingawa kwa Puri kufa hakukuwa jambo la kumzuia mtu. Alipokuwa hai alikuwa na sauti ambayo akiita nyati wake wa kufugwa kutoka mlangoni, nyati wa kijiji cha pili wanaachia maziwa chini, na wenyewe wanakuja kudai fidia. Alifia kazini. Alikuwa amekaa mbele ya mtungi wa kusukia maziwa, kamba ya kuzungushia upekecho mkononi, anavuta kulia, anavuta kushoto, siagi ikaja na yeye akaenda. Ile kamba ilibidi tuipake samli ndipo vidole vikaiachia. Lakini kabla ya hapo alikuwa amemwambia Jhamku:

"Uza vikuku vyangu. Uza paa. Maziwa usiuze, mwanangu. Mjukuu ninaye mmoja tu."

Basi ukaja ukame. Vyura waliozaliwa miaka ile waliogopa mvua ilipokuja, wakakimbilia ndani ya nyumba. Mifugo ya Jhamku ikafa, mingine ikauzwa, akabaki na nyati mmoja, Chandri, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso na pembe pana kiasi kwamba kunguru waliokaa ncha hii na ncha ile walizeeka bila kujuana. Majani hakuna. Chandri akalishwa mashudu ya pamba ya dukani. Ukikamua, ukagandisha, ukasukasuka, ukachemsha, samli inayopatikana inafunika kiganja, na pesa yake inaishia kwenye mashudu yale yale. Nyati anakula samli yake mwenyewe, na Jhamku anakula mkate wa uwele kwa chumvi.

Hapo ndipo Hansa alipotokea. Alikuwa mke wa fundi cherehani, amehamia kutoka mjini, ana mtoto mchanga wa kike, Jigna, ambaye ziwa la mama halikumtosha. Alikuja na kopo.

"Dada Jhamku, niuzie nusu lita."

"Maziwa siuzi. Chukua mtindi, bure."

"Mtoto wa miezi mitatu nimpe mtindi? Unataka nimlee au nimzike?"

Jhamku alimpa maziwa bure siku kadhaa. Lakini nyati halishwi dua. Siku moja akaniita nisikie kwa masikio yangu, akamwambia Hansa: "Mimi nitayaweka hapa kizingitini. Wewe weka unachoona. Sitataja bei, sitahesabu mbele yako, sitasema imezidi wala imepungua. Ukitaja wewe, ni mdomo wako."

Macho ya Hansa yaling'aa kama ya paka aliyeachiwa jiko. "Yaani bei niipange mimi? Mungu akuweke, dada!"

Asubuhi ya kwanza kabisa, jua limeshatoka, nikasikia ng'ambo ya ukuta: ghrrr, ghrrr. Kamba inavutwa, upekecho unazunguka. Nikasema moyoni, Jhamku anasukasuka, nitapata mtindi mbichi. Nikachukua chungu nikaenda. Nikamkuta Jhamku amesimama mlangoni na kopo la kukamulia. Mtungi uko pembeni, mtupu. Upekecho umeegemezwa ukutani bila kamba. Na sauti inaendelea.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia nini?" nikasema. Maana ukishakubali umesikia, jini ni lenu wawili.

Lakini nilikuwa nimesikia, na yeye aliona. Akaketi. Rangi ikamrudi polepole.

"Ni mama," akasema. "Anasukasuka. Maziwa yanayosukwa hayajauzwa, sivyo? Ananilindia. Maadamu anavuta kamba, Devshi yuko salama barabarani."

Nilirudi nyumbani na chungu changu kitupu na kwa siku nyingi sikupenda kukaa karibu na ule ukuta. Sauti ilikuja kila asubuhi, saa ya kupima maziwa. Mbwa wangu alikuwa akiisikia anaondoka taratibu, mkia katikati ya miguu, kama mtu aliyekumbuka shughuli mahali pengine.

Sasa Hansa akaanza kupanga bei. Mjue, wanawake wa huku hakuna asiyejua kupima maziwa. Unadondosha tone kwenye ukucha wa dole gumba. Likikaa mviringo ni maziwa, likitiririka ni kisima. Unayachemsha, yakipoa unaivuta malai, ule utando wa mafuta wa juu, kwa kijiko na kuangalia unene wake. Lakini Hansa alizidi. Alikusanya malai ya wiki nzima, akatoa samli, akaipeleka kupimwa dukani, akarudi kizingitini kwa Jhamku na wenzake wawili kuwatangazia hesabu.

"Samli iliyotoka ni hii. Dukani wangenipa rupia hizi. Kwa hiyo maziwa thamani yake ni hiyo. Toa kuni, nani alinunua? Mimi. Toa kazi ya mkono."

"Mkono wa nani?" nikauliza.

"Wangu, Bibi! Au ulidhani malai inajivuta? Toa maji ya kuoshea sufuria. Toa sufuria, inachakaa."

"Toa na ulimi wako, nao unachakaa."

"Mwache acheke. Ukitoa yote hayo, dada Jhamku, kusema kweli wewe ndiye ungenilipa. Lakini mimi nina huruma."

Wanawake walicheka. Jhamku aligeuzia uso ukutani, mtandio wake mweusi umefunika mpaka kidevu. Ndani ile sauti ilikuwa inaenda, ghrrr, ghrrr. Hansa akadhani ni jirani wa upande wa pili anasaga.

Wengine wakaiga. Kila mtaa una Hansa mmoja na wanafunzi kumi. Kizingitini zikawa zinawekwa rupia mbili palipostahili tano, na siku nyingine sarafu na pole. Siku ya mwezi mwandamo, ambayo kwetu maziwa yote hutolewa sadaka, walikuja hata watu ambao hatukujua wanaishi hapa. Mwenye duka la mashudu akamwambia Jhamku kwamba yeye si ndugu yake wa kumkopesha. Chandri akakonda mpaka ukitupa shuka mgongoni kwake inaning'inia kama kwenye kamba ya kuanikia. Asubuhi moja akalala chini, akakataa kuinuka.

Jhamku akaja kwangu. Hakuketi.

"Akifa huyu, sina kitu."

"Taja bei," nikamwambia.

"Nikitaja, nimeuza. Devshi katuma salamu na dereva mwenzake, anakuja sikukuu. Yuko njiani hivi sasa tunavyoongea, dada. Njiani!"

"Basi usitaje."

"Chandri amelala."

Nikamfuata mpaka kizingitini kwake.

Hansa alikuja kama kawaida, akadondosha tone kwenye ukucha, akatikisa kichwa. "Malai ya jana, dada, ukipuliza inapasuka. Leo nitaweka moja na nusu, kwa ajili ya kuni..."

"Tano," Jhamku akasema.

"Umesemaje?"

"Lita rupia tano. Nusu lita mbili na nusu. Ukitaka ya bei nafuu nenda kwa wenye ng'ombe. Hayo ni ya nyati, na ukinitajia kuni tena nakumwagia kichwani."

Na kule ndani kamba ikasimama.

Haikupungua polepole kama mtu anayechoka. Ilikuwa inavutwa, halafu haivutwi. Jhamku aliweka mkono mdomoni. Hansa, ambaye hakujua kitu, alitazama uso ule, akalipa haraka, akaondoka bila kugeuka. Mimi nilibaki nimesimama pale nikisikiliza, na sijawahi kutamani kelele namna ile.

Mashudu yakanunuliwa. Chandri akala, akainuka, akaanza kunona. Jhamku akawa anakonda badala yake. Kila lori lililopiga honi barabarani lilimtoa nje na unga mikononi. Asubuhi alikaa mbele ya mtungi mtupu na kuusemesha: "Mama, vuta. Vuta mara moja tu nisikie." Hakuna kitu. Usiku silali, aliniambia, nikifumba macho naona matairi.

Kisha Devshi akaja.

Mzima! Amenenepa, shati jipya, pete kidoleni. Jhamku alimpapasa kichwa, mabega, mikono, kama mtu anayenunua mnyama sokoni. Akacheka mpaka akakaa chini. Akaugeukia mtungi akapiga kelele: "Mama, umenitisha bure, mzee mchawi wewe!"

Nilileta sukari. Tukamketisha. Akanywa maziwa ya Chandri bilauri nzima, akajifuta masharubu, akasema, "Mama, nina habari."

"Sema, baba."

"Tajiri wangu, mzee Karshan wa Morbi. Si unajua ni mtu wa kabila letu? Hana mtoto wa kiume, ana binti mmoja tu. Anataka nimwoe, niingie kwenye nyumba yake. Lori linakuwa langu, mama! Langu, na jina langu litaandikwa mlangoni."

"Ni heri," Jhamku akasema. "Na mtaishi wapi?"

"Kwao."

"Mpaka lini?"

Devshi akacheka, akanitazama mimi nimsaidie. Sikumsaidia. "Mama, ndivyo alivyotaka mzee. Niwe mwana wa nyumba ile. Nitakuja sikukuu, nitakuletea sari, nitakuletea..."

"Aliyesema lori ni nani? Wewe ndiye uliyelitaja au yeye?"

"Yeye. Mimi sikutaja kitu. Nilikuwa nafunga turubai asubuhi, akatoka na chai yake akasema, Devshi, nitakupa lori."

"Asubuhi gani?"

Akaitaja. Mimi na Jhamku hatukutazamana. Ilikuwa ni ile ile aliyotaja bei.

Alikaa siku mbili, kisha akaenda zake. Alibusu miguu ya mama yake vizuri, kijana mwenye adabu, wala hakufanya kosa lolote. Siku ile ya kuondoka, alipotoka kunawa, alisimama nje ya mlango akasubiri kuambiwa karibu. Hilo ndilo nililoliona mimi. Alikuwa ameshakuwa mgeni na hajui.

Jhamku aliingia ndani, akachukua rupia mbili na nusu, akaenda moja kwa moja kwa Hansa. Nilimfuata mbio, goti langu likilia.

"Chukua hela yako," akamwambia Hansa. "Nipe maziwa yangu."

"Maziwa gani?"

"Ya siku ile niliyotaja bei. Nirudishie."

"Dada Jhamku, una homa? Maziwa ya wiki ile! Yameshanywewa! Unataka nikutapikie?"

"Nani aliyanywa?"

Hansa akanitazama mimi, nikamfanyia ishara ajibu tu. "Mtoto," akasema. "Yote aliyanywa mtoto, mimi natia maji kwenye chai. Bibi, mwambie mwenzako..."

Jigna alikuwa amekaa kwenye mkeka, miezi kama kumi na tano hivi, mashavu yamejaa, mapaja yana mikunjo kama mkate uliofura. Kabla ya maziwa yale alikuwa kijiti. Jhamku aliziacha zile hela sakafuni. Akapiga magoti, akamnusa mtoto shingoni, kwenye mkunjo pale ambapo maziwa hudondoka na kuchacha. Akamnusa muda mrefu.

"Nipe nimbebe," akasema.

"Mpaka lini?" Hansa akauliza.

"Akilia nitakurudishia."

Mtoto hakulia. Jhamku alimbeba akazunguka naye uani, anamwonyesha kunguru, anamwonyesha cherehani ya baba yake. Kesho yake akaja tena, na keshokutwa. Bei ilibaki tano, akiitaja kwa sauti kubwa kila asubuhi, kwa kila mtu, na baadaye sita. Hakuna aliyebishana naye. Ule ukuta wangu ulikuwa kimya, na mpaka leo ni kimya.

Hansa ndiye aliyekuja kwangu mchana mmoja, ukucha anautafuna, ule ule wa kupimia maziwa.

"Bibi, Jhamku anamwita mwanangu Devshi."

"Ameishiwa na mtu wa kumwita. Mwache."

"Sijali akimwita," Hansa akasema. "Mimi nikimwita Jigna, anaendelea kucheza. Yeye akimwita Devshi, mtoto anainua kichwa."

Nikamuuliza kama hesabu ya mwezi ule ameshalipa.

"Nimelipa."

"Yote?"

"Yote, Bibi. Na ya kuni sikutoa."

"Basi endelea kulipa hivyo hivyo, asikudai kitu," nikamwambia, "na usiku umfunge mtoto kitambaa cheusi mkononi, asiitwe akaitika."