Marcelina wa Chungu cha Kurudia

Alizaliwa mwaka 1921 katika kijiji cha Isunga, magharibi ya Tabora, pale njia ya zamani ya misafara inapopinda kukwepa mbuga kabla ya kuelekea Ujiji. Baba yake, Lugembe, alikuwa mkulima wa mtama, na babu yake alikuwa mpagazi aliyebeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi na marobota ya nguo. Wapagazi wa Isunga walikuwa na desturi yao. Kabla ya kuondoka, kila mmoja alifukia chungu cha nafaka mahali alipopajua yeye tu, ili akirudi amechoka na hana kitu akute cha kula na cha kupanda. Walikiita chungu cha kurudia. Misafara ilikoma na reli ikaja, lakini desturi ile ilibaki: hakuna mtu wa Isunga aliyehama, hata kwa msimu mmoja, bila kufukia chungu chini ya mafiga yake. Haikuwa dhambi, na sitaki msomaji aidhanie hivyo. Naitaja mapema kwa sababu Mungu alimkamata Marcelina kwa chungu hicho hicho.

Alibatizwa akiwa na miaka tisa, na mwaka 1940 akaolewa na Eustace, seremala. Walizika watoto wanne, na hakuna hata mmoja aliyefikisha miaka mitatu. Mwaka 1957 Eustace naye aliangukiwa na mti wa mninga aliokuwa akiukata, akafa kabla ya jioni. Waliomfahamu Marcelina wakati ule wanasema aligeuka mtu wa kufuli. Alifunga ghala, alifunga sanduku, alifunga hata banda la kuku. Kanisani alikwenda kila Jumapili, lakini aliketi karibu na mlango, na sala zake, kama alivyokiri mwenyewe baadaye, zilikuwa za mtu anayemsalimia jirani aliyemkosea.

Wito wake ulikuja mwaka 1959, tena kwa njia isiyo na utukufu wowote. Padre, aliyefika Isunga kila baada ya miezi miwili, alitafuta mtu wa kuwafundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, na wanaume wote wakatazama chini. Akamwita yeye.

“Mimi, Padre?” alisema. “Mimi siku hizi nasali kwa mazoea tu.”

“Basi fundisha,” Padre akamjibu, “mpaka usali kwa kweli.”

Akafundisha. Desemba 1961, uhuru ulipokuja, aliwaongoza wanafunzi wake kuiombea nchi kabla ya kwenda ngomani, kisha akacheza nao mpaka akavua viatu. Kwa miaka kumi na tano alitembea vijiji vya jirani kwa miguu, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa neno la Bwana kwamba mtu mzima hana budi kuwa kama mtoto. Alilifundisha vizuri sana. Wazee walilia. Lakini funguo zilibaki zimefungwa kwenye pindo la kanga yake, na aliyeziona hakuthubutu kusema.

Mwezi Septemba 1974 watu wa Isunga walihamishiwa kijiji kipya cha ujamaa kilichoitwa Juhudi, mwendo wa siku moja na nusu kutoka kwao. Walipewa viwanja na jembe, wakaambiwa kwamba mbegu zitaletwa. Oktoba ikapita, na mbegu hazikuonekana. Chakula walichokuja nacho kilikuwa kinakwisha, na kila mkulima alijua hesabu ya majira: mbegu isipokuwa ardhini kabla ya mvua za kwanza, mwaka ujao watu watazika watoto. Mwenyekiti wa kijiji, Masolwa, naye mzaliwa wa Isunga, mtu mwadilifu lakini mwoga wa wakubwa wake, alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza mbegu. Kila nyumba ilimjibu haina. Marcelina naye alijibu hana, na jioni ile ile akawafundisha watu chini ya banda la nyasi jinsi ya kumtegemea Mungu.

Jirani yake huko Juhudi alikuwa Batuli, Mwislamu, mjane kama yeye, aliyezaliwa Isunga na kumtania tangu utotoni. Asubuhi moja walikuwa kisimani.

“Mwenzangu,” Batuli akamwambia, “jana nimekusikia ukihubiri mpaka nikatamani kubatizwa. Hebu niambie, chako umekifukia wapi?”

Marcelina alijitwisha ndoo, akaenda zake, na njiani maji yakamwagika nusu. Siku tatu hakufundisha. Alisema baadaye kwamba zilikuwa siku chungu kuliko za msiba wa Eustace, kwa maana katika msiba alikuwa ameonewa, na sasa alikuwa ameumbuka.

Jumapili, padre hayupo, alisimama mbele ya waumini. Hakukaa tena karibu na mlango.

“Nimewadanganya,” alisema. “Chungu changu kiko Isunga, chini ya mafiga, kimejaa mtama na karanga. Nilikificha ili Mungu akinishinda niwe na pa kurudi. Mtoto akibebwa mgongoni na mama yake haachi akiba njiani. Mimi nimeacha. Kesho nakwenda kukichukua, na nitakileta hapa.”

Hakuna aliyeinuka kumlaumu, na sasa tunajua kwa nini: kila mmoja alikuwa na chake.

Kurudi mahameni kulikuwa marufuku. Marcelina hakutoroka. Alifika kwa Masolwa mchana kweupe, akapiga hodi.

“Mama, ukionekana kule watasema umekimbia, na nitakayeulizwa ni mimi,” Masolwa alimsihi.

“Ningekuwa nakimbia, Mwenyekiti, nisingekuja kukuaga.”

“Na wakikuzuia huko?”

“Watakuwa wamenizuia. Kwenda nakwenda.”

Alikwenda peke yake, akifuata njia ile waliyopita wapagazi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu na goti bovu. Isunga aliikuta mapaa yameanguka na nyasi zake zimejaa sebuleni. Alichimba kwa mikono. Siku ya nne alirudi Juhudi na chungu kichwani, akakifungua mbele ya watu wote na kukimimina kwenye ungo. Mchwa walikuwa wameingia. Zaidi ya nusu ilikuwa vumbi.

“Tazameni,” alisema. “Nilipokuwa nakitegemea, kilikuwa kinaliwa.”

Asubuhi iliyofuata alipanda punje zilizosalia, zote, katika udongo mkavu wa shamba la kijiji, si katika kiwanja chake. Jioni alikwenda mzee Kasimiri, mlinzi wa kanisa, kumuaga Masolwa, naye akachukue chake. Kisha wakaja wengine, wawili wawili, wakiona haya. Masolwa aliwaandikia vibali kwa mkono wake mwenyewe, na wa mwisho akajiandikia yeye. Vyungu arobaini na kimoja vilirudi kutoka Isunga, kimoja kikiwa cha Batuli.

Wako wanaosimulia kwamba mvua ilinyesha siku ile ile. Si kweli, nimewauliza waliokuwepo. Mvua ilichelewa siku kumi na tisa, na siku zote hizo walikuwepo waliomtupia maneno kwamba amewamalizia akiba yao kwa mahubiri. Hakubishana nao. Kila alfajiri alikwenda kuinua matuta, akisema tu, “Baba anajua tulipo.” Siku ya ishirini mbingu zilifunguka. Mwaka 1975 Juhudi haikuzika mtoto kwa njaa, na mimi huo ndio muujiza ninaouandika. Mengine yanayosimuliwa, ya homa zilizopoa alipowawekea watu mikono, namwachia Mungu ayajue.

Aliishi miaka minane tena bila kufuli, na aliibiwa mara mbili, na mara zote mbili alicheka. Aliugua mwezi Agosti 1983. Batuli alimuuguza, na siku ya mwisho, akimfuta uso, akamtania kama kawaida yao: “Haya, sema, safari hii umefukia nini?”

“Sijafukia kitu,” Marcelina alimjibu. “Safari hii sirudi.”

Batuli ndiye aliyenisimulia, na alipofika hapo alilia, nami nililia.

Hadi leo, kabla ya kupanda, kila familia ya Juhudi huleta kanisani chungu cha mbegu kisicho na kifuniko. Kanisa halijamtangaza Marcelina mtakatifu, nami sina mamlaka hayo. Lakini tusimsifu tu kisha tukaenda kulala. Tunasali, tunafundisha, na mahali fulani tumeficha cha kurudia, Mungu akitushinda. Kila mmoja wetu anapajua alipokifukia chake. Na aende akakifukue, mchana, akiwa ameaga.