Chungu cha Chuma

Kwa miaka mitatu niliamini, na ningeapa mbele ya imamu, kwamba kule Marekani kijana hapewi shahada mpaka apandishwe jini mbele ya watu laki moja, tena hufungwa chungu cha chuma kichwani ili jini lisipate pa kutokea. Msinicheke. Niliyaona kwa macho yangu, Bagamoyo, baada ya swala ya alasiri.

Wakati huo nilikuwa nasoma madarasa ya jioni, mtu mzima na ndevu zangu, nakariri jedwali la kuzidisha. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa kijana wa Kimarekani, mrefu hata akija darasani huanza kuinama tangu barabarani. Kaka yangu alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusoma kwao, na mama hajatoa ruhusa. Mwalimu akaona amtoe hofu kwa kumwonyesha filamu ya vyuo vya kwao. Kaka mwenyewe siku hiyo alikuwa Dar akihangaikia pasipoti. Nikaenda na mama na shangazi, fundi wa kupunga pepo, ambaye jini likimsikia akikohoa tu hufungasha virago.

Madirisha yalifunikwa mablanketi. Filamu haikuwa na sauti. Ukutani ukatokea uwanja uliojaa ukungu, umechorwa mistari myeupe, mstari baada ya mstari, kama makaburi yaliyokwisha pimwa yanangoja wenyewe. Umati ukafumbua vinywa kwa pamoja, nasi hatukusikia ila mashine ikikoroma. Vijana wenye vichwa vya chuma, nyuso hazionekani, wakafanya duara wakainamisha vichwa kama wanaozika. Kisha wakajipanga safu, wakainama, mkono ardhini. Pembeni wasichana walirukaruka wakitikisa kitu kama migwisho ya waganga.

"Wanapunga," shangazi akanong'ona. "Fundi wao yule mwenye shati la milia."

Safu zikavamiana. Mmoja akaanguka, wenzake wakamlalia rundo zima. Mwalimu akamwekea kidole palepale ukutani.

"Huyu baba yangu," alisema. "Amekufa."

Filamu ikafika mwisho, mwalimu akagusa kitu kwenye mashine, taa yake ikiwa bado inawaka. Marehemu akainuka. Rundo lilimtoka mmoja mmoja, akasimama, akaenda kinyumenyume bila kutazama aendako, mpaka ukungu ukammeza. Mwalimu alikuwa akitabasamu, macho yamelowa.

Shangazi alitukataza kumsimulia kaka, maana jini likitajwa husogea. Kumwuliza mwalimu nani angethubutu? Kaka alibembeleza hadi mama akalegea, kwa masharti ya shangazi: apite chini ya Msahafu, avae hirizi, na huko asikubali kuvikwa chochote kichwani.

"Ataondoka mwanangu," mama aliniambia gari lilipotoweka. "Sijui atakayerudi ni nani."

Alirudi. Amenenepa kidogo, na maneno yamepungua. Mama alimpapasa kichwa chote kama anayechagua nazi sokoni. Mimi nilimchungulia akilala, nikasikiliza kama anakoroma kwa sauti mbili.

Kisha asubuhi moja mama akanivuta uani, akanyoosha kidole. Ukungu ulikuwa haujapanda. Ndani yake kaka alikuwa ameinama, mkono mmoja ardhini, wa pili unamwaga chokaa. Mstari. Akasogea hatua chache, akainama tena. Mstari.

Nilimkimbilia shangazi kwa mbio ambazo nyuki wangeniomba niwapishe. Akaja na chetezo kinafuka ubani, akasimama mwisho wa mistari.

"Wewe nani?" aliuliza, kwa sauti yake ya kazini.

Kaka akajinyoosha. "Mimi mwanao, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Walikufunika chungu?"

Kaka hakuelewa. Basi shangazi akamweleza yote, chungu, migwisho, baba wa mwalimu aliyefufuka. Mama alikuwa amenishika mkono, kucha zinaniingia. Kaka alisikiliza hadi mwisho, wala hakucheka.

"Ule ni mpira wa Kimarekani, shangazi, vyuo vinagombea kombe. Wanavaa kofia ngumu wasipasuke vichwa. Mimi sikucheza, nimesoma kilimo. Baba yake mwalimu alicheza ujanani, akaja kufa baadaye kwa homa, kitandani kwake, mjane wake aliniambia. Na pale ukutani aliinuka kwa sababu mwanawe alikuwa anairudisha filamu mwanzo."

Akaokota debe lake la chokaa.

"Hapa napima matuta. Nataka kupanda bamia."