Muswada wa Visima na Siku ya Arobaini na Moja

Ardis Hjelmstad hakuwa mtu wa kumsema mtu. Kwao, kwenye mashamba ya mahindi ya Dakota Kusini, Marekani, kumuumbua jirani hadharani ni aibu kuliko ubaya wenyewe. Ukiungua mkono, unasema umepata joto kidogo. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyomzika Corinne, binti yake mchanga, aliyegeuka rangi ya buluu mikononi mwake. Daktari alisema ni maji ya kisima, yameingiwa na mbolea ya shambani. Majirani wakaleta vyakula, wakazungumzia theluji. Ardis akashukuru.

Ikapita miaka zaidi ya arobaini. Yeye na mumewe walihamia mjini, nyumba ya shambani na kisima chake wakamwachia shemeji yake Orlin, kisha mume naye akafa. Mtoto hakwenda popote. Kila Ardis akifungua bomba la jikoni, humsikia nyuma yake akihema upesi upesi, kama alivyohema asubuhi ile. Siku hizi hageuki. Alishageuka mara nyingi mno, na jikoni hamna mtu.

Majira ya baridi hayo Orlin akapata wanunuzi wa nyumba ile, mke na mume vijana wenye mtoto wa kunyonya. Mwezi huohuo mbunge wa kwao akapeleka muswada kwenye bunge la jimbo: anayeuza nyumba yenye kisima apime maji, amwambie mnunuzi majibu, na sheria ianze papo hapo. Ardis akaomba kutoa ushahidi. Siku ya kwenda, barabara ikawa barafu tupu, na aliyekuja kumchukua alikuwa Orlin.

"Shemeji, unajua naenda kuutetea muswada unaokuharibia biashara?"

"Najua. Lakini nikuache uendeshe peke yako kwenye barafu hii, watu watanionaje? Panda. Ukimaliza kunianika, utanikuta mlangoni, gari nimeshalipasha moto."

Huo ndio wema wa kule, na unaweza kuua.

Mbele ya kamati, mawakala wa nyumba na watu wa mbolea walisema walivyoyapenda maji safi, ila hakuna haja ya sheria. Ardis akaitwa. Mwenyekiti akamuuliza kwa upole, "Mama, kuna aliyedhurika katika nyumba hiyo?"

Orlin alikuwa kiti cha nyuma, amempakatia koti lake. Ardis alifungua mdomo, jina likafika kwenye ulimi, likarudi.

"Tulipata shida kidogo ya maji," akasema. "Wapo waliopata makubwa kuliko sisi."

Funika kombe mwanaharamu apite. Wakamshukuru, wakapiga kura, muswada ukashindwa. Bunge la kule halikai zaidi ya siku arobaini, kwa hiyo muswada unaouawa hauambiwi umekataliwa. Unaahirishwa hadi siku ya arobaini na moja. Ustaarabu ulioje! Hata mazishi yana tarehe, ila tarehe yenyewe haipo.

"Umesema vizuri," Orlin alimwambia njiani. Kwenye kiti cha nyuma mtoto alihema safari nzima. Ardis alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Bunge lilifunga siku ya arobaini. Kesho yake Ardis akawasha gari lake, akaenda mwenyewe hadi nyumba ile. Wanunuzi walikuwa wameshahamia; alifungua mlango yule mke kijana, Tessa, mtoto begani, chupa ya maziwa ya unga mkononi.

"Karibu ndani, bibi! Unywe kahawa."

Kule mgeni hukataa mara mbili, ndipo akapokea. Ardis aliingia hadi jikoni, ila kahawa alikataa, akaendelea kukataa.

"Maziwa hayo umekorogea maji gani?"

"Ya kisimani. Lakini usihofu, namchemshia kwanza. Nachemsha sana."

Ardis aliisogelea chupa.

"Na mimi nilichemsha sana," akasema. "Kwa kuwa nilimpenda. Sumu ya mbolea haifi kwa moto, mwanangu. Maji yanapungua, yenyewe inabaki, inakuwa kali zaidi. Aliitwa Corinne. Alifia hapohapo uliposimama. Niliulizwa mbele ya kamati, nikasema ni shida kidogo."

Tessa aliitazama chupa. Ilikuwa imebaki nusu. Akaiweka mezani polepole.

"Mbona hatukuambiwa? Nani mwingine anajua?"

"Kila mtu," alisema Ardis, na kwa mara ya kwanza maishani hakuongeza neno la kulainisha. "Shemeji yangu aliyewauzia. Mchungaji. Yule mama aliyewaletea keki mlipohamia. Huku kila mtu anajua. Mvike mtoto koti, tumpeleke hospitali."